Namna za Kukataa: Majibu ya Hitilafu katika Itifaki ya Taa za Jukwaani na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano na taaluma ya lugha, yaani majibu ambayo taa za jukwaani hutoa zinapoulizwa au kuamrishwa na mtambo unaoziongoza. Taa za namna hiyo siku hizi huwa na tarakilishi ndogo ndani yake, nazo hujibu kwa nambari. Kila nambari ni kauli fupi: nimekubali, ngoja, sikijui kitu hicho, haiwezekani. Lakini nambari hizo haziishii ndani ya mitambo. Hatimaye hazina budi kugeuzwa maneno, yakasomwa na fundi aliyesimama gizani nyuma ya ukumbi, ambaye ataamua kutokana na maneno hayo kama apande ngazi au asipande. Hapo ndipo suala la umeme linapogeuka kuwa suala la lugha.

Hoja tunayokusudia kuithibitisha ni hii: waliotunga itifaki hiyo walijitahidi kutenganisha namna mbalimbali za kukataa, na ukanushi wa Kiswahili, pamoja na minyambuliko ya vitenzi vyake, una uwezo wa kuzitenganisha vivyo hivyo, na pengine zaidi. Hata hivyo, mfasiri akifuata mazoea ya kusema «imeshindwa» na «kosa» mahali pote, atazichanganya tena namna hizo, na fundi atapata taarifa pungufu kuliko ile iliyotumwa na taa yenyewe. Tutaieleza kwanza itifaki kwa ufupi, kisha tutachunguza majibu yake, na mwisho tutalitazama tatizo la upatanisho wa kisarufi katika jumbe zenye mapengo.

2. Itifaki yenyewe

Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya teknolojia ya maonyesho, USITT, ilitoa utaratibu ulioitwa DMX512 ili meza ya kudhibitia taa iliyotengenezwa na kampuni moja iweze kuongoza taa za kampuni nyingine. Utaratibu huo ulirekebishwa mwaka 1990, na mwaka 2004 ukakubaliwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani. Katika waya mmoja hupita nafasi 512, na kila nafasi hubeba thamani kati ya 0 na 255. Mawasiliano hayo ni ya upande mmoja. Meza husema, taa husikiliza. Na taa iliyoungua haina njia ya kusema kwamba imeungua.

Upungufu huo ulishughulikiwa mwaka 2006, chama cha ESTA kilipotoa itifaki ya usimamizi wa vifaa kutoka mbali, ambayo kwa ufupisho huitwa RDM. Itifaki hiyo ilirekebishwa mwaka 2010, na mwaka 2019 ikafuatiwa na nyingine iliyokusudiwa kuyapeleka mazungumzo hayohayo kupitia mitandao ya tarakilishi. RDM hutumia waya uleule wa DMX512, lakini huruhusu taa zijibu. Kila kifaa hupewa kitambulisho chake cha biti 48, ambapo biti 16 za kwanza humtaja mtengenezaji na 32 zilizosalia hukitaja kifaa chenyewe. Kwa njia hiyo meza huweza kukiita kifaa kimoja miongoni mwa vingi, ikakiuliza kuhusu kigezo fulani, mathalani joto lake au anwani yake, au ikakiamuru kukibadilisha kigezo hicho.

Adabu ya mazungumzo hayo ni kali. Kifaa hakisemi kisipoulizwa. Kikiwa na habari ya kutoa, huiweka mpaka kiulizwe. Lakini katika kila jibu kitoalo, hata kama jibu hilo linahusu jambo jingine kabisa, mna baiti moja inayotaja idadi ya jumbe zinazongoja. Ni kana kwamba mtu angejibu swali, kisha akaongeza: «Na ninayo mengine matatu, ukitaka kuyasikia.»

3. Majibu manne na kimya

Kifaa kilichoulizwa huweza kujibu kwa njia nne. Ya kwanza ni kukubali na kutoa kilichoombwa. Ya pili ni kukubali huku kikiomba muda: kifaa hutaja makisio ya muda huo katika sehemu za kumi za sekunde, na kwa kuwa nafasi iliyotengwa ni ya biti 16, muda mrefu kabisa unaoweza kutajwa ni sekunde 6553.5, yaani karibu dakika 109. Ya tatu ni kukataa na kutaja sababu. Ya nne ni kukubali kwa sehemu, kwa kuwa jibu ni refu mno kwa ujumbe mmoja. Meza yapaswa kuuliza tena ili ipate lililobaki.

Tukitazama kwa jicho la mwanaisimu, jibu la pili ndilo lenye mvuto zaidi. Si ndiyo, wala si hapana. Lugha nyingi hulazimika kulieleza kwa kishazi kizima, lakini Kiswahili kina neno moja linalolitosheleza, nalo ni «bado». Neno hili lina maana ya kwamba jambo halijawa, na papo hapo hubeba matarajio kwamba litakuwa. Mfasiri atakayeandika «Ombi halijakamilika» hatakosea. Atakayeandika «Bado: ngoja sekunde 5» atakuwa amesema yote kwa lugha ambayo kila msemaji huitumia nyumbani.

Zaidi ya majibu hayo manne, pana kimya. Kifaa hutakiwa kuanza kujibu katika muda usiozidi milisekunde 2, na kisipofanya hivyo meza huhesabu kwamba hakuna jibu. Lakini kimya hicho kina sababu zaidi ya moja. Ujumbe uliotangazwa kwa vifaa vyote pamoja kwa kawaida haujibiwi, ili visiseme vyote kwa mara moja. Ujumbe ambao jumla yake ya uhakiki hailingani na yaliyomo haujibiwi pia, kwa maana kifaa hakiwezi kuwa na hakika kwamba ni chenyewe kilichoitwa. Halafu kuna waya uliokatika, na kuna kifaa kilichozimwa. Meza haioni tofauti yoyote kati ya hizo. Inachojua ni kwamba haikujibiwa.

Kwa hiyo yafaa tuzipime sentensi hizi tatu:

(1) a. Kifaa kimeharibika.
b. Kifaa hakijibu.
c. Kifaa hakikujibu.

Sentensi (1a) inadai jambo ambalo meza haina ushahidi nalo. Sentensi (1b) inaeleza hali ya kudumu, ambayo yaweza kusemwa baada ya majaribio mengi. Sentensi (1c) inaeleza tukio moja lililopita, nayo ndiyo peke yake inayolingana na ushahidi baada ya jaribio la kwanza. Tofauti kati ya (1b) na (1c) ni viambishi tu, lakini fundi anayesoma (1b) ataitoa taa dari, na anayesoma (1c) atajaribu tena.

4. Sababu za kukataa

Kifaa kinachokataa hutaja sababu yake kwa nambari ya baiti mbili. Miongoni mwa sababu hizo ni hizi: kigezo kisichojulikana (nambari 0), ujumbe usiopangwa sawasawa (1), hitilafu ya kifaa (2), kukataliwa na wakala anayekisemea kifaa kingine (3), kigezo kilichofungwa kisiandikwe (4), aina ya amri isiyotumika kwa kigezo hicho (5), thamani iliyopita mpaka (6), na nafasi ya kuhifadhia iliyojaa (7).

Aghalabu orodha ya namna hii hutafsiriwa chini ya kichwa kimoja, «misimbo ya makosa». Istilahi hiyo haifai. Neno «kosa» katika Kiswahili humtafuta mkosaji. Ni neno linalokaa karibu na lawama na kuombana radhi. Taa iliyopata joto kupita kiasi haikukosa, wala fundi aliyeiuliza hakukosa. Tukizipanga sababu hizo kwa kuangalia chanzo chake, twapata mafungu manne. Fungu la kwanza ni makosa ya mwulizaji: ujumbe uliopangwa vibaya, au thamani iliyopita mpaka. Fundi akitaka kuipa taa anwani 600, ilhali waya una nafasi 512 tu, amekosa, na hapo neno «kosa» lina haki yake. Fungu la pili ni hitilafu ya mjibu mwenyewe. La tatu ni upungufu wa mjibu, kama vile kutokijua kigezo au kujaa kwa nafasi. La nne ni katazo. Twapendekeza basi maneno manne yatumike kwa mafungu manne: kosa, hitilafu, upungufu na katazo. Fundi atakayeliona neno la kwanza la ujumbe atakuwa amekwisha kujua aanzie wapi: katika amri aliyoitoa, katika taa, katika uwezo wa taa, au kwa mtu mwenye ufunguo.

Tofauti kati ya sababu nambari 4 na nambari 5 yastahili kutazamwa kwa makini. Zote mbili huweza kutolewa fundi anapojaribu kukibadilisha kigezo. Katika nambari 4 kigezo hicho hubadilishwa kwa kawaida, ila kwa sasa kimefungwa. Katika nambari 5 huenda kigezo hicho ni cha kusomwa tu, kwa mfano maelezo ya jumla ya kifaa, na hakuna ufunguo utakaokifanya kiandikike. Tuangalie:

(2) a. Kigezo hakibadilishwi.
b. Kigezo hakibadiliki.
c. Kigezo hakijabadilishwa.

Kauli ya kutendwa katika (2a) inamweka mtendaji nyuma ya pazia: yupo mtu au kanuni inayozuia. Kauli ya kutendeka katika (2b) inamwondoa mtendaji kabisa, na kizuizi kinakuwa katika maumbile ya kitu chenyewe. Sentensi (2a) inafaa sababu nambari 4, na (2b) inafaa nambari 5 amri inapokuwa ya kubadilisha. Sentensi (2c) haifai yoyote kati yake, maana inaahidi badiliko litakalokuja. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kauli hizi zinatofautiana. Hapa wanao mfano ambapo tofauti hiyo inampeleka mtu ama kutafuta ufunguo ama kuacha kuutafuta.

Sababu nambari 0 nayo ina mtego wake. Tafsiri inayokuja upesi ni «Kigezo hakijulikani». Lakini kauli hiyo haimtaji asiyejua, na hivyo yaweza kusomwa kwamba kigezo hicho hakimo katika itifaki kabisa. Kifaa hakikusema hivyo. Kifaa kimesema kwamba chenyewe hakikitambui, ingawa huenda taa ya jirani inakitambua vizuri. Ni afadhali kuandika «Kifaa hakikitambui kigezo hiki». Urefu unaongezeka kidogo, lakini kutojua kumepata mwenyewe.

5. Haiwaki, haikuwaka, haijawaka

Mbali na majibu ya kukataa, RDM ina jumbe za hali, ambazo kifaa huziweka akiba mpaka kiulizwe. Jumbe hizo zina daraja tatu, ambazo twaweza kuziita taarifa, tahadhari na hitilafu. Kila daraja lina mwenzi wake wa kuonyesha kwamba jambo lililotajwa limekwisha. Katika kuwatafsiri wenzi hao, «imeondolewa» haifai, kwa kuwa itifaki haisemi nani ameiondoa. Pengine joto limepungua lenyewe. «Imeondoka» ndiyo tafsiri ya haki.

Ujumbe mmojawapo wa hali hueleza kwamba balbu imeamriwa kuwaka na haikuwaka. Katika Kiingereza ujumbe huo hutumia kitenzi chenye maana ya kushindwa, na mfasiri mwenye haraka ataandika «Balbu imeshindwa kuwaka». Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini Kiswahili hakihitaji kitenzi cha kushindwa ili kukanusha tukio. Ukanushi unatosha, nao unatupa nafasi tatu ambazo «imeshindwa» inazifunika:

(3) a. Balbu haijawaka.
b. Balbu haikuwaka.
c. Balbu haiwaki.

Ili uzito wa tofauti hii uonekane, hatuna budi kutaja jambo moja la kifundi. Taa nyingi za jukwaani zimetumia balbu za gesi, ambamo mwanga hutokana na umeme unaoruka kati ya ncha mbili. Balbu nyingi za aina hiyo zikizimwa zikiwa moto haziwaki tena papo hapo. Hungoja dakika kadhaa zipoe. Katika muda huo hali yake ni (3a): haijawaka, na itawaka. Ikiwa jaribio limefanywa na likapita bila mwanga, hali ni (3b), nayo ndiyo maana ya ujumbe tunaouzungumzia. Ikiwa majaribio yamerudiwa na balbu imekwisha, fundi mwenyewe atasema (3c). Itifaki inazitambua hali hizi kwa njia yake: kigezo cha hali ya balbu kina thamani mbalimbali kwa balbu iliyozimwa, iliyowaka, na iliyo katika kuwashwa. Kiambishi -ja- kinafanya kazi hiyohiyo bila nyongeza ya neno.

Fundi anayesoma «haijawaka» atangoja. Anayesoma «haiwaki» atapanda ngazi, na huenda akaifungua taa yenye balbu iliyo na joto la kuunguza mkono na msukumo wa gesi ndani yake. Hatudhani kwamba ni kutia chumvi kusema kuwa hapa kiambishi cha wakati ni suala la usalama.

6. Jumbe zenye mapengo

Mpaka hapa Kiswahili kimeonekana kuwa na nafuu. Sasa tugeukie mahali ambapo kina taabu. Baadhi ya jumbe za hali zina mapengo ambayo hujazwa baadaye: alama %d hujazwa na nambari, na alama %L hujazwa na jina la sehemu ya taa. Ujumbe mmoja, kwa mfano, una jina la sehemu likifuatwa na maneno yenye maana ya «iko tayari». Katika Kiingereza umbo ni moja kwa sehemu zote. Katika Kiswahili ngeli inadai haki yake:

(4) a. Mzunguko uko tayari.
b. Gurudumu la rangi liko tayari.
c. Kifuniko kiko tayari.
d. Lenzi iko tayari.

Mtunzi wa programu aliyeandika «%L iko tayari» atapata sentensi moja nzuri na tatu mbovu. Msomaji atazielewa zote, bila shaka. Lakini ataziona kuwa ni maneno ya mgeni, na heshima ya lugha katika kazi ya ufundi itapungua. Zipo njia mbili za kuliondoa tatizo hili. Ya kwanza ni kuweka katika meza ya kudhibitia orodha ya majina ya sehemu pamoja na viambishi vya ngeli zake, ili programu ichague kiambishi kinachofaa. Jambo hilo linawezekana, kwa sababu kinachosafiri katika waya ni nambari ya sehemu, si jina lake. Jina hutolewa na meza. Njia ya pili ni kuanza na nomino moja itakayoutawala upatanisho wote, na jina likaja mwisho:

(5) Sehemu iko tayari: %L

Njia ya kwanza ndiyo iliyo bora kwa lugha, na ya pili ndiyo rahisi kwa mtambo. Ya pili si ya kudharauliwa, kwani nasi wenyewe, tukiwa hatujalipata jina la kitu, husema «kile kitu kimevunjika», na upatanisho ukafuata neno «kitu» mpaka jina lipatikane.

7. Herufi thelathini na mbili

Watengenezaji huruhusiwa kuwa na jumbe zao wenyewe, na meza isiyozijua huweza kukiomba kifaa maelezo ya ujumbe kwa maneno. Maelezo hayo hayapaswi kuzidi herufi 32, pamoja na nafasi na alama za uandishi, nayo huandikwa kwa seti ya herufi za ASCII. Kwa jambo hili la pili Kiswahili kina bahati: hati yake ya Kilatini haina alama za juu wala za chini ya herufi, na hata ng' huandikwa bila shida.

Urefu ndio mtihani. Tuseme mtengenezaji ataka kueleza kwamba joto limepita kiasi. Maneno «Joto limezidi, kihisi %d: nyuzi %d» yana herufi 34, na hayaruhusiwi. Tukiandika «Joto limezidi, kihisi %d: %d C» twapata 30, na hakuna kilichopotea. Na pale penye balbu, «Balbu imeshindwa kuwaka» ina herufi 23, lakini «Balbu haikuwaka» ina 15. Ukanushi ulio sahihi zaidi ndio pia ulio mfupi zaidi. Wale wanaodhani kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa mitambo aghalabu wamekipima kwa tafsiri za neno kwa neno.

8. Hitimisho

Waliotunga RDM walikumbuka kwamba mafundi si wa lugha moja. Kifaa huweza kuulizwa kinazijua lugha zipi, na huweza kuamriwa kubadili lugha ya jumbe zake; lugha hutajwa kwa herufi mbili za kiwango cha kimataifa ISO 639-1, na katika kiwango hicho Kiswahili ni sw. Mlango basi upo. Kinachotakiwa ni maneno ya kuupitisha.

Maneno hayo yasipoandaliwa na watu wanaoijua lugha, yataandaliwa na yeyote atakayekuwa na haraka, na yakishachomwa ndani ya maelfu ya vifaa itakuwa vigumu kuyarekebisha. Twapendekeza kwamba idara za lugha zishirikiane na mafundi wa majumba ya maonyesho kuitayarisha orodha fupi ya jumbe hizi, na kwamba orodha hiyo isianze na nomino mpya za kubuniwa, kama ilivyo desturi ya kazi nyingi za istilahi, bali ianze na vitenzi: ni nani aliyekataa, kwa nini, na je, amekataa kabisa au bado? Nomino kama «kihisi» na «kigezo» zaweza kujadiliwa na kubadilishwa baadaye bila madhara makubwa. Lakini «haijawaka» ikiandikwa «haiwaki», mtu atapanda ngazi bure.